Adabu ya Kutafuna katika Ukumbi wa Taifa

Palikuwa na nchi, na laiti ningeweza kusema haipo tena, ambayo wakubwa wake waliipenda mno michezo ya kuigiza. Waliipenda hata wakakataa kuitazama na tumbo tupu. Kwa hiyo maonyesho yote ya Ukumbi wa Taifa yalianza saa nane, watu wakishamaliza chakula cha mchana, ili mkubwa asije akiwa na njaa. Naye akishaketi safu ya mbele aliletewa sinia, ili njaa isije ikamfuata hapohapo kitini.

Sinia lenyewe lilikuwa na itifaki yake. Kuku wa kuchoma alitangulia, mishikaki ikafuata, kisha sambusa, kisha korosho za kumliwaza mkubwa wakati akimsubiri kuku wa pili. Na kwa kuwa watu wa nchi ile walilelewa wakaleleka, kila mtoto akifundishwa kwamba si adabu kumsemesha mtu mzima anapokula, Bunge likaona adabu hiyo isiishie majumbani. Likapitisha sheria fupi ambayo hata mimi nimeihifadhi: anayetafuna hasemeshwi, haguswi, wala hainuliwi alipokaa.

Waliotunga sheria hawakuandika “mkubwa anayetafuna”. Hawakuona haja. Haikuwajia akilini kamwe kwamba mtu mwingine yeyote angeweza kuwa na kitu mdomoni.

Basi mwigizaji akiwa katikati ya neno, mkubwa akatia mnofu kinywani, mwigizaji alilimeza neno lake na kuganda vilevile alivyo, mkono juu kama ulikuwa juu, mpaka mkubwa ameze. Maharamia waliganda na mapanga hewani. Kijana mmoja aliyepiga goti kumposa mchumba alikaa na goti lake chini muda wote Waziri alipokuwa akishughulika na shingo ya kuku, na alipoinuka alikuwa akichechemea. Wageni kutoka ng'ambo walisifu sana uigizaji huo wenye vituo virefu. Walidhani ni mtindo.

Kule juu roshanini, walikoketi watu wa kawaida, mambo yalikuwa mengine. Mlangoni walipekuliwa mifuko, makoti na vilemba. Aliyekutwa na njugu alinyang'anywa njugu. Mzee mmoja aliyemenya chungwa gizani alishtakiwa kwa harufu. Kosa kubwa kupita yote lilikuwa kungurumisha tumbo mkubwa akiwa anatafuna, kwa kuwa sheria ilihesabu ngurumo ile kuwa ni maneno. Akina mama walijifunga kanga tumboni kwa nguvu kabla ya kupanda ngazi, na askari wa roshani walipita nyuma ya viti wakitega masikio. Tumbo likilia, mwenye tumbo alitolewa nje. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wahenga walisema. Lakini katika nchi ile alimjua vizuri, na alimkamata.

Kidawa alikuwa mwigizaji wa ukumbi huo. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti iliyofika roshani bila kipaza sauti, na kwao kulikuwa wilaya ya Chanjale. Mwanawe wa pekee, Sudi, alilelewa huko na bibi yake. Ukame ulipoipiga Chanjale, mataifa rafiki yalileta mahindi. Kidawa aliyaona kwa macho yake mwenyewe, kwa sababu Ghala Kuu lilitazamana na mlango wa ukumbi, ng'ambo ya barabara. Magunia yalishushwa siku nzima, kila moja limeandikwa CHANJALE kwa wino mwekundu, yakaingizwa ghalani, mlango ukafungwa. Kisha ufunguo ukapotea.

Serikali haikulala. Iliunda Kamati ya Kitaifa ya Kutafuta Ufunguo, na kamati ikaenda semina kujifunza namna funguo zinavyopotea katika nchi zilizoendelea. Wakati huohuo barabara ya Chanjale ilifungwa kwa sababu za usalama, asiingie mtu wala asitoke. Kila asubuhi Kidawa alivuka barabara kumwuliza mlinzi wa ghala.

“Ufunguo, kaka yangu?”

“Bado, dada. Kamati iko mbioni.”

Barabara ilipofunguliwa, Kidawa alifika Chanjale akakuta kaburi dogo nyuma ya nyumba ya mama yake. Mganga wa zahanati alimweleza kwa upole, macho chini, kwamba nchi ile haikuwa na njaa, na kwa hiyo hakuna aliyeweza kufa kwa njaa. Mtoto alikuwa amekosa hamu ya kula. Watoto wote wa kitongoji kile walikosa hamu ya kula katika mwezi uleule.

Kidawa hakulia mbele ya mganga. Hasira ilimkausha macho. Alirudi mjini, akaandika mchezo akauita *Sufuria Tupu*, na sehemu ya mama akaichukua mwenyewe. Ulikuwa mchezo mpole. Mama anasugua sufuria, anawasha moto, anawaimbia watoto, anawaahidi kitakachopikwa. Mwishoni anasogea mbele ya jukwaa na kusema sentensi moja: “Mwanangu alikufa njaa, na ghala limejaa.” Hapo ndipo mchezo unapokwisha.

Utashangaa ulipitaje. Kamati ya Ukaguzi iliusoma juu ya meza ya chakula, ikakuta sufuria katika ukurasa wa kwanza, ikaupitisha kwa kauli moja kuwa mchango katika kudumisha mapishi ya asili.

Siku ya kwanza, safu ya mbele alikuwapo Waziri wa Utamaduni na Utulivu, Mheshimiwa Daktari Kalumbete, mtu mwenye mashavu ya kutosha watu wawili. Mchezo ulikwenda vizuri. Kidawa alisogea mbele, akasema, “Mwanangu alikufa...”

Mheshimiwa alinusa hatari. Sijui kwa pua ipi, maana ile aliyokuwa nayo ilikuwa ndani ya paja la kuku. Lakini alinusa, akang'ata, na Kidawa akaganda. Mheshimiwa akatafuna polepole, jicho moja likimtazama yule mama jukwaani. Roshani nzima ilingoja. Alitafuna mpaka Mzee Tindwa, mkurugenzi wa ukumbi, akakata tamaa akashusha pazia, kwa kuwa desturi ilisema mkubwa akitafuna kupita kiasi, pazia lishuke. Ndipo Mheshimiwa akameza, akapiga makofi, akapanda jukwaani kutoa neno la shukrani.

“Ndugu wananchi,” alisema huku akijifuta vidole, “mchezo huu umetufundisha umuhimu wa sufuria. Taifa lisilo na sufuria ni taifa lisilo na mwelekeo. Serikali yenu sikivu itahakikisha kila kaya inakuwa na sufuria. Kilichomo ndani ya sufuria ni jukumu la kaya yenyewe.”

Wakubwa walipiga makofi. Roshani nao walipiga, maana walikuwa wanatazamwa.

Jioni ile Mheshimiwa aliwaambia mawaziri wenzake jambo ambalo liliingia katika historia. “Waheshimiwa, miaka yote hii tumewafunga watu bure! Tumekata kurasa, tumechoma vitabu, tumelaumiwa na mataifa. Kumbe dawa tunayo mdomoni.” Haukupita muda ikazaliwa Idara ya Utafunaji wa Taifa, yenye mkurugenzi, magari na marupurupu ya meno. Watafunaji wa serikali walipelekwa kwenye kila mchezo, leso zimefungwa shingoni. Mchezo mmoja uliohusu ardhi ulitafunwa tangu pazia lilipofunguka hadi lilipofungwa, na waigizaji walikwenda nyumbani bila kutamka neno. Magazeti yaliandika kwamba ulikuwa wa utulivu wa hali ya juu.

Kidawa alipambana. Aliihamishia sentensi yake mwanzoni mwa mchezo; ikatafunwa. Akaificha katikati ya wimbo wa kubembeleza. Ikatafunwa na sambusa. Akajaribu kuisema haraka haraka kabla mkubwa hajamaliza kumeza, akapigwa faini ya kumkaba mkubwa koo. Mzee Tindwa alimwita ofisini. Hakuwa mtu mbaya, Mzee Tindwa. Alikuwa mwoga, na katika nchi ile ubaya na woga vilifanya kazi ileile.

“Kidawa mwanangu, mchezo una maneno mengi mazuri. Hilo moja linakushinda nini kuliacha?”

“Hayo mengine yote, mzee, nimeyaweka ili hilo lipate pa kukaa.”

“Watakufukuza.”

“Wakinifukuza nitalisemea wapi? Ndiyo maana sijakutukana mpaka leo.”

Mzee Tindwa alichukua biskuti mezani akaanza kutafuna. Kidawa akatoka. Alipofika nje alisimama kwenye ngazi akilitazama Ghala Kuu, na moyo ukamwaka kwa ghadhabu.

Ikafika Sikukuu ya Shibe, siku ambayo taifa lile huadhimisha mwaka mwingine usio na njaa. Wakubwa wote walikula karamu Ikulu, kisha wakaletwa ukumbini. *Sufuria Tupu* ulichaguliwa uwe mchezo wa sherehe, kwa kuwa sasa ulikuwa maarufu kwa kimya chake. Mheshimiwa Kalumbete aliketi katikati ya safu ya mbele. Kulia kwake walikuwa watafunaji wa Idara, kushoto kwake Naibu Waziri, mtu mwembamba aliyekuwa akikipenda sana kiti cha Mheshimiwa.

Mchezo ukaenda mpaka mwisho wake. Kidawa akabeba sufuria yake, akasogea mbele. Lakini safari hii hakusimama pale alipozoea. Alivuka mstari wa pazia, akaenda kusimama ukingoni kabisa mwa jukwaa, vidole vya miguu vikining'inia, akafungua kinywa.

“Mwa...”

Mheshimiwa aling'ata. Kidawa akaganda. Mzee Tindwa alingoja kama desturi, kisha akashusha pazia, nalo likashuka nyuma ya mgongo wa Kidawa. Yeye alibaki nje, peke yake, sufuria mkononi, kinywa wazi.

Hapo ndipo wakubwa walipoelewa. Mwigizaji akiwa bado amesimama, mchezo haujaisha. Na mchezo usipoisha mkubwa haondoki, kwa maana katika nchi ile aliyeinuka kabla ya wakati alikuta mwingine amekalia kiti chake, na Naibu Waziri alikuwa ameshakisogelea. Kumshusha Kidawa kwa nguvu hakukuwezekana: nani angetoa amri, ilhali mkubwa mwenyewe alikuwa anatafuna na hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha? Mheshimiwa akimeza, mwanamke yule atasema. Asipomeza, hana budi kuendelea.

Akaendelea. Kuku wa kwanza akaisha, wa pili akaisha. Mheshimiwa aliwageukia watafunaji wa Idara wampokee, lakini karamu ya Ikulu ilikuwa imewalaza, leso zimewafunika nyuso. Alimpiga kiwiko Naibu Waziri. Naibu alishika shavu, akatikisa kichwa kwa huzuni, akaonyesha jino. Mheshimiwa akashika mishikaki. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kola. Kidawa hakupepesa. Kule roshanini watu waliinama juu ya vyuma vya ukingo, mikono tumboni.

Mpishi wa ukumbi, Mama Hadia, alitoka jikoni akiwa na aproni yake, akasimama mbele ya Mheshimiwa. Kumsemesha hakuruhusiwa, basi akaisemesha hewa.

“Jikoni kumekwisha. Hata ukoko.”

Macho ya Mheshimiwa yalitoka. Mdomoni alikuwa na korosho mbili za mwisho, akizizungusha kwa uangalifu mkubwa. Alimwashiria mpambe wake kwa kidole, akaelekeza mlangoni, ng'ambo ya barabara. Mpambe alisitasita. Mheshimiwa akaelekeza tena, na kwa mkono mwingine akatoa kitu mfuko wa ndani wa koti, akamtupia.

Ulikuwa ufunguo.

Watu wa roshani waliuona ukimeremeta hewani. Ufunguo ambao kamati nzima iliutafuta, ambao semina ziliufanyia mada, ambao akina mama wa Chanjale waliambiwa waombee dua uonekane. Ulikuwa kifuani mwa mtu, upande wa moyo, pamoja na kijiti cha kuchokonolea meno. Mzee mmoja alisema “Loo!” kwa sauti, na askari aliyekuwa nyuma yake hakumkamata. Hata askari alikuwa ameduwaa.

Mpambe alirudi na wapagazi. Gunia lilitupwa mbele ya safu ya kwanza, la pili likafuata, kisha mengine. Maandishi mekundu yalisomeka hadi roshani: CHANJALE. CHANJALE. CHANJALE. Mheshimiwa, korosho zikimwishia mdomoni, alilichana la kwanza kwa kisu cha mishikaki na kujaza kinywa mahindi makavu. Yalikuwa yameliwa nusu na fukusi, kwa muda yaliokaa. Aliyatafuna hivyohivyo. Mlio wake ulijaza ukumbi.

Kidawa aliyatazama yale magunia. Kila siku alikuwa amepita mbele yake akienda kazini. Aliwahi kumwahidi Sudi kwamba akija mjini atamnunulia mahindi ya kuchoma yenye ndimu na pilipili, na ahadi hiyo ilimjia pale ukingoni mwa jukwaa. Alichukia. Alichukia kwa mwili wote, na hakusogea.

Kisha kukasikika mlio mkavu. Taya la Mheshimiwa likakwama. Lilikwama likiwa wazi, mahindi yanamwagika juu ya tai, na alivyojitahidi kulifunga halikufunga. Mkono ulilisukuma kutoka chini, halikufunga. Na kwa desturi ya nchi ile, asiyetafuna anasikiliza.

“Mwanangu alikufa njaa,” alisema Kidawa, “na ghala limejaa.”

Hakupaza sauti. Haikuhitajika. Kulikuwa na kimya cha aina nyingine, kisichokuwa na meno ndani yake.

Mama Hadia ndiye aliyeanza. Aliingiza mkono guniani, akatoa konzi ya mahindi, akaitia kinywani. Askari mmoja alimrukia, akamfikia, kisha ghafla akaurudisha mkono wake mwenyewe. Mama Hadia alikuwa anatafuna. Hasemeshwi, haguswi. Roshani waliona, wakaelewa mara moja, wakashuka ngazi kama maji. Kila aliyefika alichota, akatia mdomoni, akajitwisha alichoweza, akatoka nje akitafuna mbele ya askari waliosimama wima, mikono ubavuni, wakiitii sheria. Wazee wasio na meno walimung'unya. Watoto walijaza mashavu. Magunia yalivuka barabara kwa mara ya pili, safari hii yakienda kwa wenyewe.

Kidawa aliendelea kusema. Alitaja jina la Sudi, kisha majina ya watoto wengine wa kitongoji kile, mmoja mmoja, kwa sauti ileile.

“Tafuna, mwanangu!” Mama Hadia alimpandishia konzi ya mahindi jukwaani, yake ikiwa bado shavuni. “Tia mdomoni wakuache!”

“Nikitafuna nitanyamaza, mama.”

Akarudia kutaja. Na ofisa wa polisi, ambaye tangu watu washuke roshani alikuwa akitafuta ndani ya ukumbi ule mtu mmoja tu asiye na kitu kinywani, hatimaye akampata. Shtaka lilisomwa palepale: kusema watu wakiwa wanakula.

Taarifa ya habari ya jioni ilisikika mpaka kituo cha polisi, maana redio ilikuwa juu ya meza ya askari wa zamu na mlango wa mahabusu ulitazamana nayo. Msomaji alitangaza kwa masikitiko kwamba Mheshimiwa Daktari Kalumbete amelazwa hospitali, hawezi kupitisha hata maji, na wananchi wanaombwa kuwa watulivu. Madaktari bingwa walikuwa wamekutana na kutoa kauli moja. Mheshimiwa alikuwa amekosa hamu ya kula.

Kidawa alisogea kwenye nondo.

“Umesikia?” alimwuliza askari.

Askari alizima redio.

“Maneno hayohayo,” alisema Kidawa. “Kwa mwanangu, maneno hayohayo. Alikuwa anaitwa Sudi.”

Chakula cha askari kilikuwa mezani, kwenye hotpoti, mkewe amekifunga kwa kitambaa. Hakukigusa. Alikaa vile, mikono magotini, mdomo mtupu, na Kidawa akaanza tena tangu jina la kwanza.